Pauni Tatu Zimekuwa Nongwa: Nani Analipia Vya Bure vya Intaneti?

 

Nimekaa kimya wiki mbili nikisikiliza maneno yanayosemwa juu yangu na wenzangu wawili, na sasa naona yatosha. Tumeitwa wachuuzi wa afya. Tumeitwa wabinafsi tuliosahau tulikotoka. Kuna kaka mmoja wa Manchester amefika mahali pa kusema kwamba tumeuza utu kwa pauni. Kosa letu ni nini? Ni kutamka hadharani kwamba huduma tuliyoitoa bure kwa simu kwa miaka mitatu ina gharama, na kwamba kuanzia sasa tunaomba pauni tatu kwa mwezi. Basi nitajibu, ila sitajibu kwa kujitetea tu. Nataka tuulizane ni nani hasa analipia hivi vyote tunavyoviita vya bure, maana naona watu wazima na digrii zao wanaongea kana kwamba intaneti inaota yenyewe kama magugu pembeni ya barabara.

Kwa asiyetujua: sisi ni wauguzi watatu tuliosoma pamoja Muhimbili. Mimi niko Reading hapa Uingereza, mwenzangu mmoja yuko Muscat, wa tatu yuko Dar es Salaam. Tulianza na wazazi wetu wenyewe. Mama anapima presha asubuhi kwa kile kipimo tulichomtumia, anapiga picha zile namba, anatuma, nasi tunaangalia. Jirani akaomba naye aangaliwe. Shangazi wa rafiki akaomba. Kisha wenzetu wa huku wakaomba tuwaangalizie wazazi wao walioko Tanga, Moshi, Unguja na Mombasa. Leo ni wazee 340. Hatuandiki dawa wala hatumbadilishii mtu dozi, hiyo ni kazi ya daktari wake. Tunafuatilia namba, tunamkumbusha mzee kidonge, tunamwambia mtoto aliye ughaibuni kwamba baba wiki hii haendi vizuri, na inapobidi tunasema nenda kliniki leo, usingoje Jumatatu. Presha ni ugonjwa wa kimya. Mtu hajisikii kitu, anaacha dawa kwa kuwa anajiona mzima, halafu siku moja anaanguka msalani na upande mmoja wa mwili umekufa ganzi. Waliofanya kazi wodini wanajua ninachosema.

Kazi hii inamchukua kila mmoja wetu saa tano kwa wiki. Zidisheni wenyewe, ni saa 15. Tukijilipa kima cha chini cha mshahara wa hapa, kile cha Aprili 2025 cha pauni 12.21 kwa saa, ambacho hulipwa hata mtu asiye na cheti chochote, inafika zaidi ya pauni 9,500 kwa mwaka. Hizo ndizo pesa ambazo wauguzi watatu wamekuwa wakizitoa kila mwaka bila mtu kuziona. Hazionekani kwa sababu zinatoka kwenye usingizi wetu, baada ya zamu ya saa 12.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Siri ya biashara ya intaneti ni kwamba gharama ya kumhudumia mtu mmoja zaidi ni senti, kwa hiyo kila mmoja wetu akijitazama peke yake anaona hagharimu kitu. Lakini wakusanye wote uone bili inavyosimama. Novemba 2023 wale wa Signal, ambao programu yao ya kutumiana ujumbe ni ya bure, haina matangazo na inaendeshwa kwa michango, walianika hesabu zao hadharani. Kutuma tu ile namba ndogo ya kuthibitisha kwamba simu ni yako, kuliwagharimu kama dola milioni 6 kwa mwaka. Gharama zote walizikadiria kufika dola milioni 50 kwa mwaka ifikapo 2025. Na hao ni wadogo ukilinganisha na wenye nguvu. Sasa basi, kama wadogo wasio na faida wanahitaji milioni 50, hawa wakubwa wanaotuhudumia mabilioni ya watu wanazitoa wapi? Au mnadhani ni sadaka?

Hebu turudi nyuma kidogo. Hotmail ilianza Julai 1996, barua pepe ya bure kwa yeyote duniani. Chini ya kila barua uliyomwandikia ndugu yako waliweka mstari wa kumkaribisha naye afungue yake. Yaani wewe ndiye uliyekuwa mpiga debe wao, bila mshahara, bila hata kushirikishwa. Mwisho wa 1997 Microsoft waliinunua kwa karibu dola milioni 400. Ikaja Gmail mwaka 2004 na nafasi kubwa kuliko zote, nasi tukagombania mialiko. Mashine yao ilipitia maneno ya barua zetu ili kuchagua tangazo la kuweka pembeni, na kampuni ilitangaza kuacha jambo hilo mwaka 2017, baada ya miaka 13. Miaka 13 ya barua za mapenzi, za msiba na za kuombana ada ya shule.

Lakini mfano wetu sote ni WhatsApp, kwa hiyo niutazame huo vizuri. Walioianzisha mwaka 2009, Jan Koum na Brian Acton, hawakutaka matangazo kabisa. Walitoza dola moja kwa mwaka. Dola moja! Februari 2014 Facebook wakatangaza kuinunua kwa dola bilioni 19. Wakati huo ilikuwa na wafanyakazi wapatao 55 na watumiaji kama milioni 450. Gawanya, utapata karibu dola 42 kwa kila kichwa, cha kwangu na chako kikiwemo. Hata ng'ombe wa mnada wa Pugu hutajiwa bei mbele yake, sisi tulisoma magazetini. Januari 2016 ile dola moja ikafutwa, tukashangilia kwamba sasa ni bure kabisa. Agosti mwaka ule ule masharti yakabadilishwa ili namba zetu za simu na taarifa nyingine zianze kwenda Facebook. Mei 2017 Tume ya Ulaya iliitoza Facebook faini ya euro milioni 110 kwa kuipa taarifa za kupotosha wakati wa ununuzi, kwa sababu walikuwa wamesema mwaka 2014 kwamba kuunganisha akaunti za pande mbili hakuwezekani. Acton mwenyewe aliondoka 2017, na mwaka uliofuata akatoa dola milioni 50 kuanzisha mfuko unaoiendesha Signal.

Mnielewe vizuri, sisemi kwamba kuna mtu California anasoma ujumbe wako kwa mama. Ujumbe umefungwa kwa kufuli tangu 2016, hilo ni kweli na ni jambo jema. Kinachobaki wazi ni bahasha: nani anaongea na nani, saa ngapi, mara ngapi, kutoka wapi. Muuguzi yeyote atakuambia kwamba ukijua mtu anampigia nani usiku wa manane, huhitaji kusikia mazungumzo. Na Juni 2025 wakatangaza kwamba matangazo yanaingia ndani ya WhatsApp, upande wa zile hali tunazowekeana. Ile dola moja tuliyosamehewa imerudi kwa mlango wa uani.

Sasa njoo kwenye bei zetu, maana tuna bei. Facebook walikuwa wanatangaza kila baada ya miezi mitatu mtumiaji mmoja anawaingizia kiasi gani kwa wastani. Mara ya mwisho walitoa namba za robo ya mwisho ya mwaka 2023. Mtumiaji wa Marekani na Canada: dola 68.44. Wa Ulaya: dola 23.14. Wa lile fungu wanaloliita "dunia iliyobaki," ambamo Afrika imo: dola 5.05. Kwa miezi mitatu tu hiyo. Kwa hiyo mama aliye Tanga ni dola tano, mwanawe aliye Reading ni dola ishirini na tatu, binti yake aliye Chicago ni dola sitini na nane. Familia moja, tumbo moja. Ukipanda ndege kuja kubeba boksi unapanda bei bila kujua, na siku ukistaafu ukarudi nyumbani unashuka tena.

Na bei hiyo ndiyo inayoamua unahudumiwaje. Anayeingiza dola tano hawezi kupewa ulinzi wa mtu wa dola sitini na nane. Februari 2022 gazeti la Time la Marekani lilieleza habari za vijana wa Nairobi waliokuwa wakiajiriwa na kampuni ya Sama kuchuja picha na video za kutisha kwa niaba ya Facebook, kwa ajili ya nchi zetu za Afrika. Wengine walilipwa takriban dola moja na nusu kwa saa. Kazi yao ilikuwa kutazama mauaji, ubakaji na watoto wakiteswa, siku nzima, ili wewe na mimi tusivione tunapofungua simu tukinywa chai. Daniel Motaung, aliyekuwa mmoja wao, alifungua kesi Mei 2022, wengine wengi wakafuata, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Desemba 2024 zilijulikana ripoti za kitabibu zilizopelekwa mahakamani: zaidi ya 140 kati yao wamekutwa na ugonjwa wa akili unaotokana na mshtuko wa mambo waliyoyaona. Nimewahi kuwauguza watu wa aina hii. Huamka usiku wakipiga kelele, hawawezi kukaa chumba chenye watu, wengine hata watoto wao hawawezi kuwabeba. Hiyo nayo ni bili ya vya bure. Imelipwa, ila si na wewe.

Mtaniuliza afya inaingiaje. Inaingia moja kwa moja. Kuna programu ya simu inayoitwa Flo, ya wanawake kuhesabu siku zao za hedhi, inapatikana bure na inatumiwa na mamilioni. Januari 2021 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza makubaliano na wenye Flo baada ya kuwatuhumu kwamba waliwaahidi wanawake siri, huku taarifa za nani ana mimba na nani yuko kwenye siku zake zikienda kwa kampuni nyingine, Facebook na Google zikiwemo. Agosti 2025 baraza la wazee wa mahakama huko California liliona kwamba Meta ilivunja sheria ya faragha ya jimbo hilo kwa kuzichukua taarifa hizo. Fikirini dada zangu. Jambo ambalo kwetu hata mume huambiwa kwa mzunguko, limegeuzwa namba ya kuuzia nepi.

Sasa niwaambie yaliyotufika sisi watatu, ambayo hatukuyasema mapema kwa sababu tulidhani hayahitaji kusemwa. Mapema mwaka huu alitujia mfanyabiashara mmoja wa virutubisho. Jina silitaji. Kijana mwenye adabu kabisa, shikamoo hadi kwa mimi ambaye huenda tunalingana umri. Akasema amesikia tunachoka, na yeye yuko tayari kutulipa kila mwezi pesa ambazo, niseme kweli, zilikuwa zaidi ya hizi pauni tatu mnazozipigia kelele. Wazee wangeendelea kuhudumiwa bure. Alichotaka ni vitu viwili tu, yaani namba za simu za wazee 340 na ruhusa ya kuwatumia "elimu" mara mbili kwa wiki. Tukaomba mfano wa hiyo elimu. Ilikuwa ni unga wa majani unaomaliza presha kwa siku 21, na ushuhuda wa mzee aliyetupa vidonge vyake.

Waungwana, kuna kitu mnapaswa kukielewa hapa. Huyu kijana hakuwa mwizi. Alikuwa anatuletea biashara ile ile ya Hotmail, ya Facebook, ya Flo, katika kipimo cha kijijini. Huduma bure kwa mzee, mzee mwenyewe kwa mwenye unga. Na bidhaa yetu ingekuwa nzuri kuliko ya Facebook, kwa sababu Facebook inakisia nani ana presha, sisi tunajua, tena tunajua ilikuwa ngapi asubuhi ya leo. Mzee aliyetuamini kwa kuwa sisi ni "wanangu manesi" angepokea tangazo la unga kutoka mlango ule ule alipopokea ushauri. Angetupa vidonge. Na wiki ya tatu mngetupigia simu kutuuliza mbona baba hasemi vizuri, mdomo umekwenda upande.

Tulikataa. Ndipo tukakaa kitako, tukapiga hesabu, tukawaletea ninyi pauni tatu. Nanyi mkasema tumeuza utu!

Kaka wa Manchester anasema mbona NHS ni bure, na sisi tunaokula mshahara wa NHS tunaona haya gani kuwatoza wazee wa Kiafrika. Nashukuru kwa mfano huo, maana ndio hasa ninaoutaka. NHS ilianza tarehe 5 Julai 1948, na ni bure mlangoni kwa sababu imeshalipiwa kabla hujafika mlangoni. Wewe unakatwa kodi kila mwezi, angalia karatasi yako ya mshahara. Ndugu yako aliyekuja kwa viza ya kawaida ya kazi analipa juu yake ada ya afya ya wahamiaji, pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima tangu Februari 2024, na mkewe naye analipa yake. Sisi wa viza ya wahudumu wa afya tulisamehewa ada hiyo, kodi hatukusamehewa. Hiyo ni bure ya kuchangiana: mzima anamlipia mgonjwa, kijana anamlipia mzee, na hakuna anayeuzwa. Bure ya intaneti ni ya chambo. Samaki hatozwi kwa mnyoo. Maneno yanafanana, mambo ni mbingu na ardhi. Na msidhani NHS iko salama na ugonjwa huu. Mei 2023 gazeti la Observer lilionyesha kwamba tovuti za taasisi 20 za NHS zilikuwa zimewekewa kifuatiliaji cha Meta kilichopeleka Facebook kurasa ambazo watu walizifungua na vitufe walivyobonyeza. Mtu anatafuta habari za ugonjwa wa zinaa kwenye tovuti ya hospitali ya umma, Facebook inajua. Hata nyumba ya kuchangiana, ukiacha dirisha wazi, chambo kinaingia.

Nyumbani tunayajua haya pia, tumesahau tu. Wazazi wetu walitibiwa bure enzi za Mwalimu, lakini bure ile ilitoka kwenye kodi, kahawa, pamba na katani ya mkulima, na misaada ya wafadhili. Vyanzo hivyo vilipokauka, neno "bure" lilibaki ukutani na dawa zikaisha kabatini, mpaka serikali ikaanzisha uchangiaji mwaka 1993. Nilipokuwa kwenye mazoezi, mama mjamzito alikuwa anakuja na mfuko wa plastiki wenye glovu, pamba na nyembe alivyonunua mwenyewe, kwenye hospitali ambayo kwa mjamzito ilikuwa bure. Tangu siku hizo mtu akiniambia kitu ni bure, namuuliza glovu analeta nani.

Wengine mnasema Mwafrika hana uwezo wa kulipia huduma za simu, ndiyo maana bure ni ukombozi kwake. Hoja hii inaniudhi kuliko zote, kwa sababu inatoka midomoni mwa watu wanaotuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, Tanzania ikaingia 2008, na tangu siku ya kwanza imetoza ada za miamala. Mama muuza vitumbua alilipa. Alilipa kwa sababu pesa ilifika. Tozo za serikali zilipoongezwa juu yake Julai 2021 watu walipiga kelele, na walikuwa na haki, lakini hakuna aliyedai M-Pesa iwe bure na ilipwe kwa kuuza majina ya wateja wake. Mwafrika analipia bando, analipia vocha, analipia kuchaji simu dukani. Aliyesema hawezi kulipa ni yule aliyetaka kumnunua.

Mnakumbuka ule mpango wa Facebook wa intaneti ya bure kwa maskini? Uliingia Tanzania Oktoba 2014 kupitia Tigo na Kenya mwezi uliofuata kupitia Airtel. Mtu alifungua kurasa chache zilizoteuliwa bila bando, na mteuzi alikuwa Facebook. India ilipiga marufuku utaratibu wa aina hiyo Februari 2016, kwa hoja kwamba mwenye mtandao asipange bei kwa kuangalia unachokisoma. Sisi tulipiga makofi. Kijana wa Dar mwenye tovuti yake ya Kiswahili ya kufundisha hesabu au afya atashindanaje na kitu ambacho jirani yake anakipata bila bando? Hawezi. Anafunga, anakwenda kuendesha bodaboda, halafu tunalalamika kwamba hakuna kitu cha maana kwa Kiswahili kwenye intaneti.

Na serikali zetu badala ya kumfuata mwenye chambo zilimfuata samaki. Uganda ilianza Julai 2018 kumtoza mwananchi shilingi 200 kwa siku kwa kufungua WhatsApp, Facebook na wenzao, ikaja kuifuta 2021 na kuweka asilimia 12 juu ya bando. Tanzania mwaka huo huo wa 2018 ikaleta kanuni za maudhui ya mtandaoni: mtu wa Mbeya anayeandika bure kwenye blogu yake akatakiwa leseni, na ada zikajumlishwa kupita shilingi milioni 2. Kampuni za nje zinazovuna matangazo kwetu zilisubiri mpaka 2022 kuanza kutozwa asilimia 2. Anayejitolea alipe kwanza, anayechuma alipe baadaye. Maajabu ya Musa.

Mtaniletea pia Wikipedia, najua. Ni bure, haina matangazo, ipo tangu 2001, ya Kiswahili tangu 2003. Naipenda na naitumia. Lakini hiyo inanisaidia mimi, haiwasaidii ninyi. Inaendeshwa kwa michango na kwa kazi ya watu wanaoandika bila malipo, na kila mwaka wanaweka ombi juu ya ukurasa kwamba jamani tuchangieni. Nyoosheni mikono mliowahi kuchangia hata pauni moja. Wengi wetu tunatafuta haraka kile kialama cha kufungia lile ombi ili tuendelee kusoma.

Kuna jambo jingine ambalo mteja anajua na mtumiaji wa bure halijui mpaka yamkute. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Mlimpigia nani? Nani alikurudishia chochote? Chama chetu kimoja cha wanawake wa huku kilikuwa na ukurasa kwenye mtandao fulani wa bure, picha za miaka saba, kumbukumbu za misiba na michango yote. Siku moja ukafungwa. Tuliandika, tukajibiwa na mashine. Tukaandika tena, mashine. Mpaka leo hakuna binadamu aliyetuambia tulikosa nini. Huna risiti, huna mkataba wa maana, huna pa kulalamika. Nikikutoza pauni tatu nikalala, una haki ya kunipigia saa nne asubuhi ukaniuliza dada, mbona namba za mama hazijajibiwa tangu jana? Na mimi nina wajibu wa kujibu. Hivi sasa mnaniuliza kwa kunyenyekea, mnaanza na samahani kwa usumbufu, na nikichelewa mnanyamaza kwa aibu. Mzee mmoja alikaa siku nne na presha mbaya kwa sababu mwanawe aliona haya kunikumbusha. Haya hiyo imeletwa na bure.

Na kwa wale wanaosema pauni tatu ni nyingi. Septemba 2025 Meta walitangaza kwamba mtu wa hapa Uingereza asiyetaka matangazo ya Facebook na Instagram anaweza kulipa pauni 2.99 kwa mwezi akitumia kompyuta, 3.99 kwa simu. Hatimaye wameitaja bei waliyokuwa wakiificha tangu mwanzo. Sisi tunaomba peni moja zaidi ya ile ya kompyuta, na hatuonyeshi picha za paka.

Utaratibu ni huu. Katika wazee 340, wale 280 wana watoto nje, na hao watoto ndio tunaowaomba. Mzee mwenyewe hatoi hata shilingi. Wale 60 wasio na mtu ughaibuni wataendelea kama kawaida, wanabebwa na wengine, na hakuna atakayejua nani ni nani. Inapatikana pauni 840 kwa mwezi, 10,080 kwa mwaka. Toa zile 9,500 na ushei za saa zetu, zinabaki kama 550 za bando la mwenzetu wa Dar na za kununua vipimo kwa wazee ambao vyao vimeharibika. Hakuna namba ya simu itakayotoka kwetu kwenda kwa mtu yeyote, iwe kwa pesa, kwa undugu au kwa chama. Ndiyo, kuna wawili wa chama fulani wameshaomba, uchaguzi ulipokaribia. Walijibiwa kama yule wa unga.

Asiyetaka kulipa aniandikie tu, nitamkabidhi daftari la namba za mzazi wake za miaka yote mitatu na kumwelekeza namna ya kuzisoma, na tutaagana vizuri. Kaka wa Manchester, sitasema hapa kama una mzazi kwenye orodha yetu au huna, maana hiyo ni siri ya mgonjwa na haiuzwi wala haitolewi bure. Malipo yanaanza tarehe mosi ya mwezi ujao. Mwisho wa mwezi wa tatu nitaweka hesabu zote hapa, peni kwa peni, na mwenye swali aulize kwa jina lake.